Neno Lenye Mwenyewe

Mjomba aliisogeza kandili, akakohoa kidogo, akaanza kusoma karatasi moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, isiyopanda wala kushuka.

"Kombamoyo: huzuni inayompata mzazi aliyefiwa na mtoto. Kombamoyo: mwiko mwembamba wa kukombea asali mzingani. Kombamoyo: aina ya samaki. Kombamoyo: mti mrefu ulionyooka, wa kuezekea nyumba. Kombamoyo: mganga anayemla mgonjwa mali mpaka akabaki hana kitu."

Akazirudisha karatasi kwenye kofia ya babu, akatutazama. Maana moja tu ndiyo iliyotoka kwenye kamusi. Nne zilizobaki tulikuwa tumezitunga sisi wenyewe muda mfupi uliopita, kila mtu amegeukia upande wake na kipande cha penseli. Tukapiga kura. Mama alichagua huzuni. Mama mdogo alichagua huzuni. Binamu zangu wawili, na jirani aliyekuja kuomba moto akajikuta amekaa, wote walichagua huzuni. Neno lenyewe lilikuwa linauma. Kukomba ni kumaliza kabisa, kama mtoto anavyokomba sufuria kwa kidole, na hapa kilichokombwa ni moyo. Nani angeiacha maana hiyo akachagua mti?

Babu hakuwa amepiga kura. Alikuwa ameegemea nguzo, miguu ameinyoosha, tasbihi iko mkononi. Alinyanyua kidole, akaelekeza juu.

"Hilo hapo," alisema.

Tukainua macho sote. Juu ya vichwa vyetu, meusi kwa moshi wa jiko la miaka mingi, yalikuwa yamepangana makombamoyo ya banda la uani, yamebeba makuti. Tulikuwa tumekula, tumelala mchana na tumegombana chini ya neno hilo tangu tuzaliwe, na hakuna aliyelijua isipokuwa yule aliyelipandisha pale kwa mikono yake.

Hiyo ilikuwa likizo ya Desemba, mwaka 1984, nyumbani kwa wazazi wa mama yangu huko Ngamiani, Tanga, kwenye mitaa ambayo inaitwa kwa namba badala ya majina: Barabara ya Kwanza, ya Pili, hadi ya Ishirini na Moja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sisi tulikaa Korogwe, na kila shule zilipofungwa mama alitupakia basi, mimi na mdogo wangu wa kiume, tukashuka Tanga tumejaa vumbi na harufu ya mkonge nguoni. Ilikuwa miaka ya dhiki. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, khanga mpya ilikuwa habari ya mtaa mzima. Umeme ulikatika bila kuaga. Betri za redio zilianikwa juani pamoja na mihogo ili zipate nguvu ya kutufikisha kwenye taarifa ya saa mbili usiku, na taarifa ikiisha redio ilizimwa. Hapo usiku ulikuwa bado mrefu, na watu tisa tulikuwa tumekaa uani tukitazamana.

Usiku huo mrefu ndio mjomba aliouletea dawa. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Muheza, na likizo ile alikuja na kikapu cha machungwa na kitabu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1981. Alikishika kama mtu aliyeshika yai. Nyumbani mle kulikuwa na kamusi nyingine, kuukuu, haina jalada, kurasa zake za mwanzo zimeliwa na mchwa. Ilikuwa Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson, ya mwaka 1935, ya kwanza kueleza maneno ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Ilikuwa mali ya marehemu kaka yake babu. Mjomba aliziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu juu ya mkeka, akatueleza mchezo alioujua tangu chuo cha ualimu.

Anayeshika kamusi anatafuta neno ambalo hakuna anayelijua. Analitaja. Kila mtu anatunga maana ya uongo, anaiandika, anaikunja karatasi na kuitia kofiani. Mshika kamusi anaandika maana ya kweli, naye anaitia. Kisha zinasomwa zote, na kila mtu anachagua anayoiamini. Ukiipata ya kweli unalipwa komwe moja ya bao. Ukimdanganya mwenzio akaamini uongo wako, unalipwa komwe na yeye. Mwisho wa usiku mwenye komwe nyingi anapewa ukoko wa wali, wote, peke yake.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba Waingereza wamekuwa wakicheza hivyo hivyo majumbani mwao kwa kamusi zao, hata BBC ikaufanya mchezo huo kipindi cha televisheni mwaka 1965. Usiku ule hatukuhitaji kujua umetoka wapi. Bibi alisikiliza masharti yote hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Hiki ni kitendawili kilichogeuzwa ndani nje," alisema. "Kitendawili kinakupa maelezo, wewe unatafuta jina. Hapa tunapewa jina, tunatafuta maelezo. Neno limekuja uchi. Haya, livikeni."

Basi mchezo ukaitwa Kuvika Neno. Nyumba nzima ilisema hivyo: "Leo tunavika?" "Aliyevika jana ni nani?" Na aliyeshindwa kabisa, asiye na hata komwe moja, alidaiwa mji kama kwenye vitendawili. Akitoa Pangani, mshindi anapewa Pangani. Akitoa Mombasa, tunampeleka mshindi Mombasa na kumzungusha masoko yote kwa mdomo.

Bibi alikuwa na shida moja. Aliandika vizuri, ila kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni utotoni, na karatasi yake ingetambulika mara tu ifunguliwapo. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alikwenda kisomoni, akajifunza kuandika jina lake kwa herufi za Kizungu. Jina lake tu ndilo lililomkaa mkononi. Kwa hiyo akanichagua mimi kuwa karani.

"Njoo, mke mwenzangu," aliniita, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike. "Wewe una mwandiko wa kusahaulika."

Nilikaa naye nyuma ya mtungi. Alininong'oneza uongo wake sikioni, nami niliuandika. Malipo yangu yalikuwa magumu, kwa sababu neno likivikwa na bibi mimi sikuruhusiwa kupiga kura. Lakini niliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Niliona uongo mzuri unavyotengenezwa. Bibi hakukurupuka. Alilitaja neno polepole, mara mbili, tatu, kama anayegonga nazi kusikiliza maji. Akauliza: "Linaanzaje? Linaishaje? Ndani yake kuna kitendo?" Akitunga, alinifanya nimsomee tena, akabadilisha neno moja, akanifanya nimsomee tena. Uongo, alisema, lazima ukae mdomoni kabla ya kutoka, la sivyo utatoka na ganda lake.

Huzuni ya kombamoyo ilikuwa yake.

Mjomba naye alitufundisha upande wake, upande wa shule. Alituonyesha vifupisho vya kamusi: nm kuwa ni nomino, kt kuwa ni kitenzi, na vile viambishi vya mabano vinavyosema neno linakwendaje kwa wingi. Ukiandika maana ya mnyama kwa neno linalokwenda na li na ya, umejikamatisha. Ukiandika maana ndefu yenye mapambo, umejikamatisha vilevile, kwa kuwa kamusi haipambi. "Kamusi inasema kama hakimu," alisema. Alituambia kuwa hata kutunga jina jipya ni kazi yenye sheria. Shaaban Robert, mtu wa Tanga kama sisi, alipotaka nchi ambayo haipo kwenye ramani aliingia ndani ya kitenzi na kutoka nayo: kusadiki kukazaa Kusadikika, kufikiri kukazaa Kufikirika. Hakuokota sauti tu hewani. Msomaji akilisikia jina anakuwa tayari ana nusu ya maana mkononi.

Kisha tuligundua kwamba lugha yenyewe ilikuwa imetutangulia kwa maajabu. Mjomba alitaja kionjamchuzi. Tukaandika mwiko mdogo, mpishi mlafi, nzi wa jikoni. Maana ya kweli ni zile ndevu chache zinazoota chini ya mdomo wa chini. Jirani yetu, aliyekuwa nazo, alizishika na kukaa kimya, kama mtu aliyeambiwa jina la mtoto wake kwa mara ya kwanza. Mjomba akataja mtambaapanya. Tukaandika mtego, ugonjwa, ngoma ya usiku. Ni boriti inayolazwa juu ya ukuta, mahali ambapo kweli panya hupita, na alipolisoma tukamsikia mmoja akipita. Alitaja kivunjajungu, na hapo mdogo wangu, aliyekuwa na miaka saba, alimshinda kila mtu, maana alikuwa amemfunga mmoja kwa uzi mchana ule: yule mdudu wa kijani mwenye mikono mirefu anayesimama kama anaswali.

Lilipokuja neno kidaka tulifikiri tumemweza mjomba, kwa kuwa vidaka vilikuwa mle mle sebuleni, vile vishubaka vya ukutani ambamo bibi aliweka chupa ya marashi na msahafu. Lakini kidaka ni pia nazi ikiwa changa kabisa, kabla haijawa kitale, kabla haijawa dafu. Neno moja limekaa ukutani na juu ya mnazi kwa wakati mmoja, na halijaona haya. Nilijifunza usiku ule kwamba kujua maana ya neno si sawa na kulimaliza.

Tulipoishiwa na akili tuliandika "aina ya samaki." Ilikuwa kinga ya mvivu, na ilifanya kazi, kwa sababu kamusi nayo husema hivyo mara nyingi: aina ya samaki, aina ya mti, aina ya ndege. Babu hakuipenda hata kidogo. Kila iliposomwa alimkatiza mjomba.

"Samaki yupi?"

"Kamusi haisemi, baba. Inasema aina ya samaki."

"Ana magamba? Anakaa mwambani au mchangani? Anavuliwa kwa mshipi au kwa dema?" Na hakungoja jibu. "Tasi ana miba, ukimshika vibaya utalia usiku kucha. Chaa yuko maji mafupi, kwenye mchanga. Pono ukimkuta usiku amelala unamwokota. Wote hao mtawaambia watoto ni aina ya samaki? Huyo aliyeandika hajapata kula?"

Mjomba alicheka, kisha akaacha kucheka. Siku ya tatu nilimwona ametoa kalamu, anaandika pembeni ya ukurasa wa ile kamusi mpya aliyokuwa akiishika kama yai. Alikuwa anaandika magamba, miba, mwamba, mchanga.

Babu alikuwa amepita baharini ujana wake wote, na uzee ulipomfika aliunda na kukarabati vyombo hadi macho yalipokataa. Mjomba aliposoma sifa, sote tulipiga kelele kwamba neno hilo tunalijua, atafute jingine. Babu akasema hatulijui. Sifa ni mafuta ya papa yanayopakwa chombo ili mbao zisioze. "Sifa inanuka," alisema. "Ukipaka chombo leo, mkeo atakujua kutoka mwisho wa barabara. Lakini chombo bila sifa hakifiki mwaka." Hakuwa anafumba. Alikuwa anatueleza juu ya mafuta.

Sasa nieleze usiku wa ngama.

Nadhani ulikuwa wa tano au wa sita. Upepo ulikuwa wa kaskazi, mwali wa kandili ulikuwa unacheza. Mjomba alilitaja neno, nasi tukainamia karatasi zetu. Bibi alininong'oneza jambo juu ya ngamia jike aliyefiwa na mwana. Karatasi zikaingia kofiani, zikasomwa, tukacheka sana, maana binamu yangu aliandika kwamba ngama ni kicheko cha mtu asiye na meno, na jirani akacheka kicheko hicho hasa. Kisha mjomba akasoma ile ya kweli: sehemu ya chini ya chombo ambapo maji yanayovuja hukusanyika na kutekwa.

Babu alikuwa ameweka tasbihi chini.

"Hilo msilivike," alisema.

Hakupaza sauti. Alitusimulia kwamba alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, yuko kwenye jahazi linalotoka Pemba na shehena ya nazi, yeye na kaka yake na nahodha na mabaharia wawili. Katikati ya mkondo wa Pemba, usiku, kalafati ilitoka na ubao ukaanza kunywa maji. Taa ilizimika na haikuwashika tena. Kaka yake alishuka ngamani, kwa kuwa alikuwa mrefu. Wengine walijipanga mpaka ukingoni, wakapokezana upo, ile kata ya mbao ya kutekea maji chomboni. Ulikwenda umejaa, ukarudi mtupu, ukaenda umejaa. Giza lilikuwa zito, hata uso wa mwenzako wa karibu huuoni. "Nilijua kaka yangu yu hai kwa sababu upo ulikuja," alisema. "Ukichelewa, moyo unasimama. Ukija, unaendelea."

Kulipopambazuka waliiona Raskazone, rasi ya Tanga. Chombo kilikuwa kimekaa chini sana majini, lakini kilikuwa juu ya maji. Walishuka kumtoa kaka yake. Alikuwa amekaa ngamani, maji yako kiunoni, upo ameushika, na hakuweza kuuachia. Vidole vilikuwa vimegoma. Walimfumbua kimoja kimoja.

"Hakupanda chombo tena," babu alisema. "Alirudi darasani, akawa mwalimu." Akakielekeza kidole kile kitabu kisicho na jalada kilichokuwa juu ya mkeka. "Alipopata mshahara alinunua hicho."

Mjomba aliichukua ile karatasi ya kweli kutoka kofiani, akaikunja, akaitia katikati ya kurasa za kamusi ya Johnson. Nyingine akazitia motoni. Bibi alisubiri ziungue zote, ndipo akasema sharti ambalo tangu siku hiyo lilikuwa la kwanza katika mchezo wetu: neno lenye mwenyewe halivikwi. Mtu yeyote pale uani akisema neno fulani limempitia mkononi au mwilini, linatolewa kofiani, na yeye anasimulia. Hakuna kura, hakuna komwe.

Nilihofu mchezo utakufa. Ulinenepa. Watu walianza kungojea kuona ni nani atakuwa na neno. Mama mdogo, ambaye siku zote alikuwa mkimya, alilidai neno mavune, yale maumivu ya mwili baada ya kazi nzito, akatusimulia msimu aliokata mkonge shambani, majani yalivyomchoma, na jinsi alivyolala kwa kukaa kwa kuwa mgongo ulikataa kugusa kitanda. Mama yangu alisikiliza huku ameshika shavu. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, na nadhani alikuwa hajapata kuisikia hadithi hiyo. Jirani alilidai ng'onda, samaki anayepasuliwa na kukaushwa juani, kwa kuwa aliwauza sokoni miaka kumi. Tulianza usiku kwa uongo, tukaumaliza kwa watu.

Usiku wa mwisho kabla hatujarudi Korogwe, bibi aliomba ashike kamusi. Tukacheka, naye akacheka. Akasema yeye haihitaji. Atatoa neno kutoka kichwani.

"Kifutanyayo," alisema.

Tukaandika. Mtoto anayefagia uwanja asubuhi. Wimbi linalopanda mchangani. Mwizi aliyevaa majani miguuni. Bibi aliniita nyuma ya mtungi na kuninong'oneza maana ya kweli, ili iingie kofiani na zingine: mvua ndogo inayonyesha mgeni akishatoka mlangoni.

Wengi walichagua wimbi. Mjomba alichagua mvua, akalipwa komwe, lakini hakutulia. Alilitafuta neno katika kamusi mpya. Halikuwemo. Akalitafuta katika kuukuu, penye kurasa zilizosalia. Halikuwemo.

"Mama, neno hili ni la wapi?"

"La kwetu Tongoni."

Mjomba alitueleza, kwa upole wa mwalimu anayemsahihisha mama yake, kwamba mwaka 1928 walikutana wataalamu Mombasa, wakakubaliana Kiswahili cha shule na vitabu kijengwe juu ya lahaja ya Unguja mjini, na mwaka 1930 ikaanza kamati ya kusimamia kazi hiyo. Ndiyo maana maneno mengi ya Kimtang'ata, lahaja ya Tongoni na pwani yake, hayakuingia, kama ambavyo mengi ya Kipemba, Kimvita na Kiamu hayakuingia.

Bibi alifikiri. "Kumbe maneno yetu hayakualikwa," alisema. "Hayajafa, hayakualikwa tu."

Binamu zangu walishikilia kwamba bibi alilitunga palepale ili amshinde mwanawe. Mimi nilikuwa karani wake, na nina ushahidi wangu. Kila alipotunga uongo alinifanya nimsomee tena mara mbili, tatu. Kifutanyayo alilisema mara moja, bila kusita, kama mtu anayetaja jina la barabara yake. Hakuniambia nimsomee.

Babu alifariki mwaka 1989, bibi mwaka 1993. Banda la uani halipo, pana vyumba vya kupangisha vyenye paa la bati, na sidhani kama wanaoishi mle wana haja na neno kombamoyo. Mimi nimekuwa mwalimu wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Kila kamusi mpya inapotoka nainunua. Nilinunua toleo la pili la Kamusi ya Kiswahili Sanifu lililotoka mwaka 2004, nikanunua Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, na kabla sijafika nyumbani, ndani ya daladala, nafungua herufi K na kutafuta kifutanyayo. Bado hakijaalikwa.

Lakini kinatembea. Mama yangu alikipeleka Korogwe, na masika ya mwaka 1985 nilimsikia jirani yetu wa Kisambaa akikisema kwa mgeni wake mlangoni: "Nenda salama, hiki ni kifutanyayo tu." Mdogo wangu alikipeleka Mombasa alipokwenda kufanya kazi na kuoa huko. Mkewe, Mmombasa, hukitumia kwa simu bila kufikiri: "Wifi, mlipoondoka tu kifutanyayo kikaanguka." Hana kamusi iliyomfundisha. Amelipata neno jinsi maneno yote yalivyopatikana tangu zamani, kwa mtu aliyelihitaji kumsikia mtu aliyelisema.

Ndipo ninapofikiria ngama. Kamusi inalo, limeandikwa safi, halina kosa. Majahazi ni machache sasa, na waliosimama ngamani wakiteka maji usiku hawapo. Kifutanyayo hakina ukurasa lakini kina watu. Ngama lina ukurasa, na mimi nahesabu watu wake kwa vidole. Nawapenda watunga kamusi kwa moyo wangu wote, maana wao wanalihifadhi neno lisipotee njia. Kazi yao inaishia mlangoni. Kuingia ndani na kuishi na neno ni kazi ya nyumba.

Desemba iliyopita watoto wa mdogo wangu walikuja kwangu Dar es Salaam. Umeme ukakatika, simu zikabaki na chaji kidogo, tukakaa barazani. Nikawafundisha kuvika. Kofia ilikuwa ya baba yao, ile ya mpira. Komwe hatukuwa nazo, tukatumia maharage. Walikuwa hodari. Mkubwa aliandika uongo kwa sauti ya hakimu bila kufundishwa.

Kisha mdogo wao wa miaka tisa akashika kamusi, akaipekua kwa mwanga wa simu, akasimamisha kidole. "Ngama," alisema. Wakainama, wakaandika, akazisoma: ngama ni homa ya ngamia. Ngama ni kamba ya kufungia ngoma. Ngama ni aina ya samaki.

Niliweka mkono juu ya kofia.

"Hilo lina mwenyewe," nilisema.

Wakauliza ni nani. Nikawasimulia: mkondo wa Pemba, shehena ya nazi, taa iliyozimika, ndugu wawili gizani, mmoja chini na mmoja juu. Niliwasimulia vidole vilivyofumbuliwa kimoja kimoja. Walikaa kimya muda mrefu, na nilidhani yule mdogo amelala, maana kichwa chake kilikuwa kimeegemea bega langu. Hakuwa amelala.

"Shangazi, maji waliyateka kwa kitu gani?"

Nilikuwa nimesahau kukitaja. Nilikitafuta kwa dakika nzima, na kilipokuja kilikuja kwa sauti ya babu.

"Upo," nilisema.

"Nipo, shangazi," alijibu.